Vijiti Viwili na Simu Haitoki: Antena za Ndani kwenye Ghala la Korosho

Msimu wa korosho ukikaribia, simu yangu haipoi. Mtunza ghala mmoja wa huku Mtwara alinipigia akiwa amekasirika: "Fundi, naona vijiti viwili vya mtandao, lakini nikipiga haitoki. Mpaka nikasimame kule kwenye mwembe. Kulikoni?"

Vijiti vile vinaonyesha simu inavyousikia mnara. Havisemi kama mnara unaisikia simu. Mnara hurusha wati 20 au zaidi; simu ya 4G kwa kawaida mwisho wake ni wati 0.2. Ukuta wa tofali za saruji unanyonya mawimbi, bati linayarudisha yalikotoka. Sauti ya mnara inapenya kwa taabu, ya simu inaishia humo humo ndani. Mzee yule hakuwa na shida ya mnara wenye nguvu zaidi. Alihitaji sikio la karibu.

Ndiyo kazi ya antena zilizosambazwa, mfumo ambao mafundi tunauita DAS. Fikiria msikiti wenye spika moja kubwa mbele: safu ya kwanza inapata karaha, ya mwisho inaambulia mvumo. Funga spika ndogo kwenye kila nguzo, wote watasikia bila kelele. Antena zetu ziko hivyo, ila kila moja ni maikrofoni pia. Mwaka 1987 Adel Saleh na wenzake wa Maabara za Bell, Marekani, walieleza kitaalamu faida ya kusambaza antena ndani ya jengo. Na simu iliyo karibu na antena hupunguza nguvu yenyewe, hivyo chaji inadumu.

Ugumu uko kwenye kebo. Kwenye megahezi 2100, kebo ya koaksi ya nusu inchi hupoteza kama nusu ya nguvu kila mita 30. Spilita ya njia mbili nayo inagawa nusu kwa nusu. Kwa hiyo antena za mwanzo wa kebo tunazifungia kapla, kigawanyio kinachozimegea nguvu kidogo tu, la sivyo za mwisho zitalamba sahani. Jengo likiwa kubwa sana, unatumia faiba na vikuza mawimbi vya mbali. Gharama hapo inapanda kweli kweli.

Chanzo cha mawimbi kwa ghala letu kilikuwa ripita, kifaa kinachopokea mawimbi ya mnara kwa antena ya nje na kuyakuza kwa ajili ya antena za ndani. Tuliifunga kwa kibali cha kampuni ya simu, maana masafa ni yake kwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Ripita ya kuokoteza dukani inaweza kumwagia mnara kelele, mtaa mzima ukakosa mtandao. Tena antena ya nje ikiisikia ya ndani, mfumo unapiga yowe kama maiki iliyosogezewa spika. Cha kuchekesha, bati lililotutesa ndilo lililozitenganisha antena hizo mbili.

Kosa langu lilikuwa kalenda. Nilipima mwezi Machi, ghala tupu, kila kona inasoma vizuri. Novemba magunia yalipanda karibu na kenchi, na korosho iliyopangwa hivyo ni ukuta mwingine. Nikarudi na ngazi, nikahamisha antena mbili kutoka ukutani, nikazitundika juu ya njia wanayopita wapagazi, mahali ambapo gunia halikai.