Vitamini A na misuli: yanayosemwa jimu na yaliyo kweli

"Vitamini A ni ya macho, tena ya watoto." Dhana hii imeota mizizi Uganda, na chanzo chake kinaeleweka. Kila Aprili na Oktoba watoto wadogo hupewa matone ya vitamini hii, na wazazi huambiwa inalinda macho na kinga ya mwili. Ni kweli inalinda. Lakini macho huona kwa kutumia umbo lake moja, retinali. Umbo jingine, asidi ya retinoiki, hufanya kazi karibu mwili mzima, misuli ikiwemo.

Dhana ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu imeenea kwa vijana wa Kampala wanaonyanyua vyuma: kwamba vitamini A ni chakula cha misuli kama ilivyo protini, hivyo ukizidisha kiasi na mkono unajaa. Sivyo. Vitamini A haichomwi kutoa nguvu wala haigeuki kuwa nyama ya mwili. Kazi yake ni kutoa amri. Retinoli, umbo la vitamini A linalosafiri kwenye damu, hutoka kwenye ini, ikabebwa na protini iitwayo RBP4 hadi kwenye seli, na humo sehemu yake hugeuzwa kuwa asidi ya retinoiki. Asidi hiyo huingia kwenye kiini cha seli na kushikamana na vipokezi vya RAR, yaani protini zinazopokea ishara yake, ambavyo maabara ya Pierre Chambon nchini Ufaransa na ya Ronald Evans nchini Marekani zilivitambua mwaka 1987, kila moja kivyake. RAR hukaa juu ya DNA pamoja na mwenzake RXR, na wawili hao huamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Miongoni mwa jeni hizo zimo zinazohusika na kukomaa kwa seli changa za misuli, na zinazohusika na kuchoma mafuta ndani ya mitokondria, vinu vya nguvu vya seli.

RXR hushirikiana pia na vipokezi vya vitamini D, vya homoni ya thairoidi, na vile vya PPAR vinavyosimamia matumizi ya mafuta mwilini. Kwa hiyo ishara ya vitamini A ikivurugika, na nyingine zinaweza kuguswa. Lakini amri si nyama: kwenye jengo, kuongeza wasimamizi hakuongezi matofali.

Wapo wanaodai kwamba sayansi imeshathibitisha kuwa vitamini A inayeyusha kitambi. Panya waliopewa asidi ya retinoiki walipungua mafuta na misuli yao ikachoma mafuta zaidi, hilo limeonekana. Ila walipewa asidi yenyewe, ambayo kwa binadamu ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Tena mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba panya wenye RBP4 nyingi kupita kiasi waliitikia insulini vibaya, misuli yao ikiwemo. Hii haimaanishi kwamba vitamini A huleta kisukari. Lakini anayeuza vidonge kwa kutaja panya wa kwanza angewataja na hawa.

Je, ikizidi mwili si utaitoa kwenye mkojo? Hapana, huo ni mwendo wa vitamini C. Vitamini A huyeyuka kwenye mafuta na hurundikana kwenye ini. Mwanamume mzima anahitaji mikrogramu 900 kwa siku, mwanamke 700, na retinoli isizidi 3,000. Dozi moja ya mtoto wa mwaka mmoja na zaidi, yuniti 200,000, ni mikrogramu 60,000, na hupangwa kwa kila miezi sita. Mtu mzima akiimeza kila wiki ili "kujenga mwili," anaumiza ini na mifupa. Hata isotretinoini, dawa ya chunusi ya jamii hiyohiyo, inajulikana kuleta maumivu ya misuli, hasa kwa wanaofanya mazoezi makali. Kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi: retinoli nyingi huharibu maumbile ya mtoto tumboni, kwa hiyo maini ya kila siku si mlo wake.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa havina hatari hiyo. Vina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji. Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye kwa kazi yake ya kuzalisha aina za viazi hivyo. Kula viazi hivyo pamoja na karanga au mafuta kidogo, maana bila mafuta beta-karotini nyingi hupita tu tumboni.