Pembe bila ngozi: vifaru vyepesi kwa jicho la fundi

Watu wakinitumia picha ya kifaru huuliza mambo mawili: mzinga wake ni wa ukubwa gani, na bamba lake lina unene gani. Mimi jicho langu hutangulia kwingine. Magari ya vita ya Uingereza, Marekani na wenzao wa NATO huwekwa mbele kibao cha duara, cha njano, chenye namba nyeusi. Namba ile ni daraja la uzito. Ikizidi namba iliyoandikwa kwenye daraja la mto ulio mbele yako, huvuki. (Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu vyote viwili, na hapa yanakutana vizuri.)

Nimefanya ufundi wa magari ya minyororo kwa miaka mingi, na kila nikisoma historia ya vifaru vyepesi narudi kwenye namba ile. Mnyama kifaru amejaliwa vitatu kwa pamoja: ngozi nene, pembe na mbio. Chuma hakijajaliwa hivyo. Anayetaka mbio huchuna ngozi, akabaki na pembe.

Aliyechuna kuliko wote ni M18, Mmarekani aliyeitwa Hellcat. Alitengenezwa na kiwanda cha Buick huko Flint, Michigan, na kati ya Julai 1943 na Oktoba 1944 zilitoka 2,507. Uzito wake ulikuwa tani 17 na ushei. Nyuma ilikaa injini ya mviringo ya asili ya ndege, yenye nguvu farasi 400 hivi, na barabara nzuri ikipatikana gari lilikaribia kilomita 88 kwa saa. Sisi mafundi tunalipenda kwa sababu nyingine: injini imewekwa juu ya reli. Unafungua mlango wa nyuma, unaivuta nje kama droo ya kabati, unaishughulikia, unairudisha. Aliyewahi kuning'iniza injini kwa winchi mvua ikinyesha anaelewa neema hiyo.

Sasa ngozi. Bamba la bodi la Hellcat lilikuwa milimita 13. Kitazame kidole chako cha mwisho. Ni kama hapo. Bunduki nzito ya rashasha ikipigwa kwa karibu ilikuwa tishio. Juu kwenye tareti, kile kibanda cha mzinga kinachozunguka, hakukuwa na paa kabisa, kwa hiyo mvua, theluji na vipande vya makombora yanayopasukia mitini viliwashukia wote watano waliomo.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu atengeneze kitu hicho? Jenerali Lesley McNair wa jeshi la Marekani na wenzake walikuwa wameona Ufaransa ilivyovunjwa mwaka 1940 na makundi makubwa ya vifaru vya Kijerumani. Hesabu yao: tuweke kikosi maalumu cha wawindaji wa vifaru nyuma, adui akitoboa mstari, tukimbilie pale, tumvizie, tupige, tuhame. Mbio zingekuwa ndiyo ngao. Ilipofika 1944 Mjerumani naye alikuwa amebadili mchezo. Mara nyingi alijichimbia akingoja. Wawindaji wakagawanywa vipande vipande kusaidia askari wa miguu, kazi ambayo bamba la kidole cha mwisho halikuwahi kupangiwa.

Kuna siku moja tu ninayopenda kuieleza kwa kirefu. Tarehe 19 Septemba 1944, karibu na kijiji cha Arracourt, mashariki mwa Ufaransa, ukungu mzito asubuhi. Luteni Edwin Leiper wa Batalioni ya 704 alikuwa na Hellcat nne. Ghafla akaona mdomo wa mzinga wa kifaru cha Kijerumani unachomoza kwenye miti, umbali wa kurushia jiwe. Akayashusha magari yake kwenye kibonde ili zibaki tareti tu juu ya usawa wa ardhi, wakaanza kupiga. Kufikia mwisho wa siku walihesabu vifaru 15 vya adui, na katika Hellcat zao nne ilibaki moja. Wengi husimulia tukio hili kama ushindi wa mwendo kasi. Hapana bwana. Kwenye ukungu ule hakuna aliyekwenda kilomita 88 kwa saa. Kilichowasaidia ni kibonde, umbali mfupi na kuwahi kufyatua. Mzinga wao wa milimita 76 usingelitoboa kirahisi bamba la mbele la bodi ya Panther, kifaru cha Kijerumani, kwa mbali, lile la milimita 80 lililolazwa. Mwaka 1946 Marekani ikavunja tawi zima la wawindaji.

Nihamie Scorpion ya Waingereza, ambayo naikubali zaidi. Tani 8, bodi ya alumini, mzinga wa milimita 76, na injini ya petroli ya Jaguar ya lita 4.2, ndiyo, ile ya magari ya matajiri. Mwaka 1982, katika vita na Argentina, Uingereza ilipeleka visiwa vya Falkland Scorpion nne na ndugu zake Scimitar nne. Visiwa vile ni tope la mboji mpaka upeo wa macho, na wapo waliodhani gari la minyororo litazama siku ya kwanza. Fanya nami hesabu ya karakana. Mnyororo una upana wa sentimita 43 hivi, na urefu unaogusa ardhi ni kama mita 2.7. Zidisha, mara minyororo miwili: zaidi kidogo ya sentimita za mraba 23,000. Gawa kilo 8,000 kwa hiyo. Unapata theluthi ya kilo kwa kila sentimita ya mraba. Sasa mchukue askari wa kilo 110 pamoja na begi lake. Anapopiga hatua, mguu mmoja uko hewani, na buti lililo chini lina sentimita za mraba 220 hivi. Nusu kilo. Askari anazama kabla ya kifaru! Magari yale yalipita, na usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni yalikuwa kwenye kilima cha Wireless Ridge yakiwafyatulia njia askari wa miamvuli.

Scorpion hakukosa ila. Kila mzinga ulipopigwa, moshi wa baruti ulirudi ndani ya tareti kuwasumbua waliomo, na baadaye Waingereza wakaustaafisha mzinga ule wakabaki na Scimitar ya milimita 30.

Kwetu Tanzania kifaru chepesi kilikuja kwa njia ya China: Type 62, tani 21, mzinga wa milimita 85. Ukimwona kwa mbali utadhani ni kaka yake Type 59 mwenye tani 36, maana ni mtu yuleyule aliyepunguzwa mwili, akaundiwa vilima na mashamba ya mpunga ya kusini mwa China. Alipoingia Vietnam mwaka 1979, maroketi ya begani yalimtesa sana.

Majirani zetu Kenya walichukua njia ya matairi, Panhard AML ya Ufaransa. AML yenye mzinga wa milimita 90 ina tani 5.5 tu, na siri iko kwenye kombora: linatoboa kwa namna linavyolipuka likigusa bamba, halitegemei kasi. Kwa hiyo mzinga haupigi teke kubwa, na gari dogo linaubeba. Zaidi ya hayo, matairi hayapigi kelele. Mpelelezi anayetangazwa na minyororo yake kilomita mbili kabla ya kufika amekwenda kupeleleza nini?

Namalizia na kituko cha juzi. Marekani iliwahi kuwa na Sheridan, tani 15, aliyedondoshwa kwa miamvuli Panama mwaka 1989. Mzinga wake wa milimita 152 ulipofyatuka, magurudumu ya mbele yaliinuka kutoka ardhini. Kasoro zilikuwa tele, lakini ndege ilimbeba na mwamvuli ukamshusha. Mrithi aliyekusudiwa kwa askari wepesi ni M10 Booker, mzinga wa milimita 105. Wakaongeza bamba, wakaongeza hiki na kile, mpaka akafika tani 38, na hadi hapo hakuna mwamvuli tena. Katika kambi ya Fort Campbell iligundulika kwamba madaraja 8 kati ya 11 ya humohumo kambini hayamudu uzito wake. Juni 2025 jeshi likaacha kumnunua.