Kuhesabu koloni si kupima figo

Nimeletewa tena rasimu ya jaribio la dawa ya fangasi, yenye sentensi ileile: "Koloni zilipungua, hivyo utendaji wa figo ulirejea." Hivyo ya wapi? Koloni ni vidoa vya fangasi vinavyoota kwenye sahani ya maabara. Kreatinini hukupima, yurea hukupima (taka ambazo figo huzichuja kutoka damuni), mkojo hata hukuutazama!

Jaribio lenyewe mnalijua. Panya anadungwa Candida albicans kwenye mshipa wa mkia, fangasi inasambaa mwilini. Ini na wengu huimudu mapema. Figo hulemewa, kwani nutrofili, chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, huchelewa kufika, na zikifika fangasi imeshaota nyuzi. Tuendelee.

Ubishi wangu ni na hiyo hesabu. Unasaga figo, unazimua, unapaka kwenye agari ya Sabouraud (chakula cha kuoteshea fangasi), kesho unahesabu koloni. Sasa, uzi mmoja wenye seli kumi hutoa koloni moja; seli kumi za duara zilizoachana hutoa koloni kumi. Figo iliyojaa nyuzi, yaani ile iliyotobolewa hasa, inaweza kukupa namba ndogo. Ukizidisha kusaga, nyuzi zinakatika na kufa, namba inashuka zaidi, nawe unashangilia dawa. Kata kipande, kitie rangi ya PAS inayoonyesha fangasi, weka chini ya hadubini: nyuzi za waridi iliyokolea zimepenya mirija, na pembeni nutrofili zimerundikana hadi ramani ya figo huioni tena.

Hizo nutrofili ndizo mnazozisahau kila mara. Mwaka 2012 mtafiti Michail Lionakis na wenzake walionyesha kuwa panya wasio na kipokezi cha CCR1, kinachoziongoza nutrofili kuingia kwenye figo, figo zao huumia kidogo na wao huishi zaidi, kwa sababu nutrofili chache ndizo zinazoendelea kuingia. Walinzi wenyewe ndio wanaovunja nyumba. Koloni zitakwambia nini kuhusu hilo?

Kreatinini nayo si mkombozi. Kwa panya, njia ya Jaffe, ya kupima kreatinini kwa rangi, husoma na vitu vingine vya damuni kana kwamba ni kreatinini. Yurea je? Panya mgonjwa huacha kunywa maji, na yurea hupanda kwa ukavu tu. Hata kifo chenyewe, sijashawishika kwamba kila mara ni cha figo; wengine huonekana kuondoka na sepsisi, yaani mwili mzima kuzidiwa na maambukizi, shinikizo la damu likiwa limeporomoka. Kwa hiyo mimi hupima uzito kila asubuhi, huchukua yurea na kreatinini pamoja, na figo moja nasaga, ya pili naihifadhi kwenye fomalini kwa ajili ya hadubini.

Kama ulisaga zote mbili, andika "mzigo wa fangasi ulipungua", kisha weka nukta.