Fomati ya redio ni nini, na je, stesheni ya ngoma za klabu iikatae pop?

Juzi usiku barazani huku Shela ya Malindi tulibishana mpaka muuza kahawa akatuchoka akaenda zake. Mmoja wetu ana tuktuk, yeye anasema redio ya dansi ikianza kupiga pop ishakufa hiyo, mwengine akamwambia yakhe we hujui redio, redio ni biashara. Mimi nikaona wote wanazunguka neno moja tu, fomati.

Fomati ni ile ahadi stesheni inampa msikilizaji, yani ukifungua saa yoyote utakuta kitu cha namna fulani. Kuna redio za habari, za dini, za lugha za nyumbani. Ukisikiliza sekunde kumi ushajua uko wapi hata mtangazaji hajataja jina.

Halafu tuelewane, mtu mzima ukimwambia "muziki wa dansi" anafikiria magitaa na tarumbeta za bendi kama Mlimani Park na Msondo za Tanzania, na wala hakosei, neno ni lao. Hapa nasema ngoma za klabu: house, tekno, amapiano na jamaa zao. House ilizaliwa Chicago miaka ya 1980 mwanzoni, kwa madijei kama Frankie Knuckles, na amapiano ni ya Afrika Kusini.

Pop nayo ni nini? Hapa ndipo watu wanapotea, maana pop haina biti yake maalum, ni chochote kinachopendwa na wengi wakati huo, leo bongofleva, kesho kitu kingine. Fomati ya kupiga hiti tupu ilishika Marekani miaka ya 1950, anayetajwa sana ni Todd Storz wa Omaha, na siri yake ni kurudia. Mtu hakai na redio siku nzima, anaisikia kwenye tuktuk kutoka Kisumu Ndogo mpaka mjini kisha anashuka, sasa katika hicho kisafari lazima akutane na wimbo anaoujua, kwa hivyo stesheni inachagua nyimbo chache inazizungusha mpaka uzichukie.

Ngoma za klabu hazikutengenezwa hivyo. Wimbo wa house unaanza na biti tupu na unaisha na biti tupu ili dijei apate pa kuunganishia, unaweza kwenda dakika sita saba, spidi mapigo 120 na kitu kwa dakika, na raha yake iko kwenye kupanda polepole. Wimbo wa pop wa redioni ni dakika tatu hivi, muimbaji anaingia mapema, kiitikio hicho. Ukiuchomeka katikati ya miksi ni kama tuktuk kupanda tuta bila kupunguza, kila mtu anaruka kwenye kiti.

Lakini kukataa pop yote mimi naona ni ushamba tu. "Jack Your Body" ya Steve "Silk" Hurley, house ya Chicago kabisa, ilifika namba moja Uingereza Januari 1987. Sasa redio ya house ingeitupa siku ile kwa sababu hata mama mkwe anaijua? Ule wimbo ulitoka klabuni, wengi ndio waliokuja kuufuata. Hata huku kwetu, chakacha ilikuwa ngoma ya kina mama harusini, mambo ya kiuno na leso, mpaka bendi kama Them Mushrooms zikaitia magitaa na watalii wakaicheza mahotelini, na bado ukipiga harusini hakuna mama atakayekwambia hiyo si yetu.

Ninachokataa ni wimbo ambao klabu haiujui kabisa, umewekwa kwa kuwa uko kila mahali na mwenye tangazo la sabuni anataka masikio mengi. Kiss FM ya London ilianza 1985 ikiwa redio ya kurusha matangazo bila leseni, ikapiga vitu ambavyo redio kubwa zilikuwa hazivigusi, 1990 ikapata leseni ikawa halali, na miaka ilivyokwenda ikazidi kuegemea hiti za kila mtu. Siwalaumu sana, leseni na mitambo ni gharama na mashabiki wa tekno hawatoshi kulipa, ila msikilizaji wa zamani akifungua anasikia kilekile kilichoko stesheni ya jirani, sasa abaki kwa lipi?

Ndio maana wengine wanagawa siku, mchana wanalegeza kidogo kwa watu wa ofisini na madukani, kuanzia jioni dijei anaachiwa meza bila orodha ya mtu. Mimi kwa hilo sina neno, mradi usiku wasiniguse. Mwenye tuktuk bado kanuna, anasema mchana ndio anafanya kazi, usiku amelala.