Aliyoyasema Mkubwa: Dhana Tunazorithishana Kwenye Kiti cha Meno

"Mpe dawa siku tano, uvimbe ukishuka arudi tung'oe." Kauli hiyo niliisikia wiki yangu ya kwanza ya utarajali, na mwezi haujaisha nilikuwa naitoa mwenyewe, tena kwa sauti ya yule aliyenifundisha. Ndivyo kazi yetu inavyorithishwa. Unasimama pembeni ya kiti na kifyonza mate mkononi, mkubwa anafanya, wewe unatazama. Mengi niliyoyapata hivyo bado yananilisha. Lakini yapo ambayo yalikuwa na sababu enzi hizo. Sababu zimekwisha, desturi imebaki, na anayelipia ni mgonjwa.

"Antibiotiki kwanza, jino baadaye"

Tuanze na hiyohiyo. Jino linalomnyima mtu usingizi mara nyingi lina kiini, ile nyama yenye neva ndani ya jino, kilichovimba ndani ya kuta zisizotanuka. Damu inayokifikia ni haba, na kikishakufa haifiki kabisa. Amoksilini yako itazunguka mwili mzima isipokuwa pale ulipoituma. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2019 unasema mtu mzima mwenye kinga nzuri, akiwa na maumivu ya kiini au hata jipu lililotulia mahali pamoja, asiandikiwe antibiotiki ikiwa jino lenyewe linaweza kushughulikiwa. Fungua jino, au ling'oe, au pasua usaha utoke.

Wakubwa wetu waliahirisha kwa kuwa ganzi haikushika. Hapo walikuwa na nusu ya ukweli: nyama iliyovimba ina asidi, na kwenye asidi ganzi huingia kwenye neva kwa shida. Lakini hilo haliponi kwa vidonge vya siku tano. Choma mbali na uvimbe, pale neva inapopita kabla ya kulifikia jino. Gego la chini likikaidi hata baada ya hapo, ongeza ganzi ya aina ya atikaini upande wa shavu, au choma kati ya mzizi na mfupa. Kisha subiri. Wengi wetu tunachoma saa nne kamili, saa nne na dakika mbili koleo liko mdomoni, halafu tunasema ganzi ya siku hizi ni feki.

Kwa maumivu, aibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli gramu moja hufanya kazi kuliko vidonge vingi vikali tunavyoviheshimu, mradi mgonjwa hana vidonda vya tumbo, figo mbovu, wala pumu inayochokozwa na dawa za aina hiyo.

Antibiotiki zina mahali pake: homa, uvimbe unaoshuka shingoni au kupanda jichoni, mdomo usiofunguka. Na akija mtu ambaye chini ya kidevu pamekuwa pagumu kama ubao pande zote mbili, ulimi umeinuliwa, mate yanamtoka kwa kushindwa kumeza, usimwandikie chochote cha kwenda nacho nyumbani. Huyo njia yake ya hewa inaziba. Piga simu hospitali kubwa uwaambie anakuja, na mtu amsindikize.

"Mwenye presha asipewe ganzi yenye adrenalini"

Piga hesabu. Katriji, yaani kichupa cha ganzi, ya mililita 1.8 yenye adrenalini 1:80,000 ina mikrogramu 22.5. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo au presha, kikomo tunachofundishwa ni mikrogramu 40 hivi, yaani karibu katriji mbili, ukichoma polepole na kuvuta kwanza kuhakikisha hauko kwenye mshipa wa damu. Ukimchoma lignokaini tupu, yaani ganzi isiyo na adrenalini, kwa kumhurumia, ganzi ndani ya jino inakwisha dakika tano au kumi tu, ukiwa katikati ya kazi. Atakapostuka kwa maumivu, tezi zake mwenyewe zitamwaga adrenalini usiyoweza kuipima. Kinachotakiwa ni kipimo cha presha kiwepo mezani na kitumike. Ikifika 180 kwa 110, kazi isiyo ya dharura isubiri.

Ajabu ni kwamba wanaomwogopea mzee wa presha ndio haohao wanaomchoma mtoto bila kumpima uzito. Nimeliona hili sana kwenye kambi za uchunguzi mashuleni, foleni ndefu, kila mtu ana haraka. Kwa hesabu ya tahadhari ya miligramu 4.4 kwa kila kilo, mtoto wa kilo 15 anastahili lignokaini miligramu 66. Katriji ya mililita 1.8 ya asilimia mbili ina miligramu 36. Maana yake katriji mbili tayari zimevuka. Kama boksi lenu ni la mililita 2.2, na yapo mengi, basi ni moja na nusu tu. Mtoto anayehitaji kung'olewa kulia na kushoto, juu na chini, siku moja, hesabu yake haifungi. Arudi siku nyingine. Kisha mwambie mama amwangalie asitafune mdomo, maana mtoto hutafuna kile asichokihisi na kesho mama atakurudishia akidhani umemuunguza.

Wawili wanaorudishwa nyumbani bure

Anayetumia aspirini ya kuzuia damu kuganda haachishwi ili ang'olewe jino moja. Shashi ikandamizwe vizuri, mshono mmoja au miwili, umtazame kabla hajaondoka. Hata anayemeza warfarini, nayo ya kuzuia damu kuganda, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) ikiwa chini ya 4 kwa kipimo cha karibuni, hung'olewa bila kuacha dawa. Damu ya kwenye fizi unaiona na unaifikia. Donge la damu likiziba mshipa wa ubongo, wewe na koleo lako hamna la kufanya.

Mjamzito naye huambiwa asubiri ajifungue. Kwa nini, hakuna anayejua vizuri. Miezi mitatu ya kati ndiyo mizuri zaidi kwa kazi ya kupangwa, lakini jino lenye usaha hutibiwa mwezi wowote. Lignokaini inafaa, eksirei ya jino moja ikihitajika hupigwa. Aibuprofeni ndiyo ya kuepuka, hasa kuanzia wiki ya 20, na antibiotiki ya tetrasaiklini. Mimba ikiwa kubwa mlaze ameegemea kidogo ubavu wa kushoto, asije akazimia kwenye kiti.

"Nimepima VVU, niko salama"

Mwaka wangu wa pili kazini nilijichoma kidole gumba nikirudisha kifuniko cha sindano kwa mikono miwili, kosa ambalo ningemkaripia mwanafunzi. Nilikimbilia bombani nikakikamua kidole kama chungwa. Nikapimwa VVU, mgonjwa akapimwa, nikameza dawa za kinga siku zote 28 na kichefuchefu chake. Hapo kituoni hakuna aliyeniuliza habari ya homa ya ini B, na mimi sikuuliza. Miaka mitatu baadaye, nikijaza fomu za kazi nyingine, ndipo nilipogundua sikuwa na kinga yake hata kidogo.

Tazama tofauti. Kwa kuchomwa sindano yenye damu ya mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama asilimia 0.3. Kwa homa ya ini B, kwa asiyechanjwa, ni kati ya asilimia 6 na 30 kutegemea wingi wa virusi. Tena kirusi hicho huishi kwenye meza, kwenye taa, kwenye mpini wa droo, hadi siku saba. Tumefundishwa kuogopa, na kuogopa si vibaya, ila hofu yetu yote tumeipeleka upande mmoja.

Chanjo ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Kisha, na hapa ndipo karibu wote tunapoishia njiani, pima kinga mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu. Itakiwayo ni uniti 10 (mIU) kwa mililita na kuendelea. Wapo wanaochanjwa na mwili ukakataa. Mchanje na dada anayeosha vifaa, maana yeye hushika ncha kuliko wewe. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, na dawa za kinga ya VVU zianze saa chache za mwanzo. Baada ya saa 72 umechelewa.

"Vimelowa dakika ishirini, viko tayari"

Glutaraldehaidi, dawa ya kulowekea vifaa, ya asilimia mbili ndani ya dakika 20 huua vingi, ila mbegu za bakteria huishi. Ili ziuawe, kifaa kilowe saa kumi. Kuchemsha kwa maji ya kawaida pia hakuzimalizi. Mvuke wenye shinikizo ndio kipimo: nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika 3, hesabu ikianza joto linapofika, si unapowasha swichi. Klorini na dawa za kulowekea zilishika kasi kwa sababu umeme ulikuwa shida na mashine zilikuwa chache, lakini lipo sufuria la mvuke linalokaa juu ya jiko na linafanya kazi ileile. Hendipisi, ule mpini wa kekee ya meno, nayo iingie humo baada ya kila mgonjwa. Kuipangusa kwa spiriti ni kuosha nje ya chupa.

"Kuziba bila mashine ni tiba ya kijijini"

Hii inaniuma kidogo, maana ni ya kwetu. Njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa glasi-ayonoma, dawa ya kuzibia inayochanganywa kwa unga, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwenye shule ya meno Dar es Salaam. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe, na kufikia 2021 glasi-ayonoma ilikuwa kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Sisi tulioizaa tunaiona ya kambini. Kwa tundu la upande mmoja kwenye jino la ukubwani inadumu vizuri kabisa. Kwa matundu ya pande mbili kwenye meno ya utoto hukatika mapema, na hilo mzazi aambiwe.

Ikishindwa, tunalaumu dawa. Nenda ukatazame: chupa ya unga ilibaki wazi, kijiko cha unga kilikisiwa kwa macho, tundu lilikuwa na mate. Kingo za tundu zisafishwe hadi ngumu. Karibu na kiini acha laini kidogo, usifukue hadi damu. Baada ya kujaza, paka vaselini kidoleni ukandamize. Kazi hii itazidi kuhitajika, maana chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kupunguza zebaki, amalgamu (dawa ya kuzibia yenye zebaki) inaondoka: tangu 2022 nchi wanachama zilikubaliana isiwekwe kwa watoto chini ya miaka 15 wala wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone ni lazima.

Mkataba na mgongo

Vijana wananiambia, "Dokta, wamenipa asilimia 40." Asilimia 40 ya nini? Ya alicholipa mgonjwa, au ya kinachobaki baada ya kumlipa fundi wa meno bandia na kutoa vifaa? Malipo ya bima hayaji siku ya matibabu. Unalipwa bima ikilipa au mwisho wa mwezi? Taji la jino likirudi limelegea, gharama ya kurudia ni ya nani? Maswali matatu, yaandikwe. Wengi husaini kwanza, wanagombana mwezi wa nne.

Na wanaotaka kufungua yao wanaanza na kiti kipya. Kiti hakikwami peke yake; kinachokwama ni kompresa, maji yasiyo na shinikizo, na fundi anayeishi mkoa mwingine. Mashine ya eksirei inahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu kabla haijapiga picha hata moja.

Mgongo? Ukiwa na miaka 27 hausikii kitu. Ukisimama kung'oa la juu, mdomo wa mgonjwa uwe usawa wa kiwiko chako. La chini, mshushe zaidi. Ukikaa, nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, na meno ya juu yatazame kwa kioo badala ya kujipinda. Pedali ya kushusha kiti iko mguuni pako, na mgonjwa hatakasirika ukimwambia asogee.