Mazoezi ya mbio za ubao wa kulalia: maana yake na jinsi yanavyoendeshwa

Mbio za ubao wa kulalia ni mashindano ya bahari kuu ambamo mshindani hulala kifudifudi, au hupiga magoti, juu ya ubao mrefu mwembamba na kuusukuma kwa mikono mitupu kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Hana kafi wala tanga. Dhana hii isichanganywe na ile ya ubao wa kusimamia, ambao mtu huuendesha akiwa wima kwa kafi ndefu, wala na mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi yanayovunjika karibu na pwani, ingawa mbao za michezo yote mitatu zina asili moja huko Hawaii. Mbio mbili ndizo zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni Catalina Classic, iliyoanza mwaka 1955, ambayo huanzia kisiwa cha Catalina na kuishia kwenye gati la Manhattan Beach, California. Ya pili ni Molokai 2 Oahu, iliyoanza mwaka 1997, ambayo huvuka mlango wa bahari wa Kaʻiwi, kati ya visiwa vya Molokai na Oahu huko Hawaii. Kila moja ina urefu wa maili 32 hivi, yaani zaidi ya kilomita 50.

Katika pwani hizo mbili baadhi ya mbio kama hizi hufanywa kwa ajili ya kuwaenzi waasisi wa mchezo wa mawimbi, na ni vema kueleza kwa nini heshima hiyo hutolewa kwa kupiga maji masafa marefu badala ya kuonyesha ustadi wa kuteleza. Waasisi wenyewe hawakuutenganisha mchezo na kazi ya bahari. George Freeth, mzaliwa wa Honolulu aliyefika California mwaka 1907 na kuwaonyesha watu wa huko namna ya kupanda mawimbi, alikuwa mwokoaji, na Desemba 1908 alijitosa katika bahari iliyochafuka mbele ya mji wa Venice, California, kuwaokoa wavuvi wa Kijapani. Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki za 1912 na 1920, alikuwa Corona del Mar, pwani ya California, Juni 1925 wakati mashua iitwayo Thelma ilipopinduliwa na mawimbi. Akaenda na kurudi na ubao wake hadi akawatoa majini watu wanane. Watu 17 walikufa siku ile, na wangekuwa wengi zaidi kama kusingekuwa na mbao zile. Tukio hilo lilisaidia kuufanya ubao ukubalike kama chombo cha uokoaji.

Aliyeugeuza ubao kuwa chombo cha safari ni Tom Blake, kijana wa Wisconsin aliyekutana na Kahanamoku mwaka 1920. Katika jumba la makumbusho la Bishop mjini Honolulu alizichunguza mbao za kale za machifu, ndefu na nzito kupita kiasi, akatengeneza za kuigiza na kuzitoboa matundu mengi ili kuzipunguzia uzito. Baadaye akaacha kabisa mti mzima, akaunda ubao wenye mbavu za ndani na ngozi nyembamba ya mbao juu yake, na mwaka 1932 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake. Mwaka huohuo yeye, Pete Peterson na Wally Burton walivuka kutoka bara la California hadi Catalina kwa mikono, na Blake alitumia muda unaopungua kidogo saa sita. Mbio za Catalina za leo huvuka bahari hiyohiyo kwa mwelekeo wa kinyume. Ndiyo maana nasema kwamba katika mbio za aina hii heshima imo ndani ya kazi yenyewe: mshindani hurudia jambo ambalo waasisi walilifanya, kwa kiungo kilekile cha mwili, na mazoezi ya miezi kadhaa ndiyo humwezesha kulirudia bila kudhurika.

Mazoezi hayo yana sehemu ya mwili na sehemu ya bahari. Ya mwili huanza na mkao. Mtu aliyelala kifudifudi kwa saa sita au saba analazimika kuinua shingo ili aone aendako, kukunja mgongo kidogo kuelekea nyuma, na kuubeba uzito wake kwa kidari na mbavu. Kwa hiyo wiki za mwanzo maumivu hayatoki mikononi kama wageni wanavyodhani, bali shingoni, kiunoni na kwenye mbavu, na dawa yake ni kuongeza muda polepole pamoja na kujifunza kubadilisha mkao. Akilala, mshindani huvuta maji kwa mkono mmoja baada ya mwingine kama mwogeleaji. Akipiga magoti, huvuta kwa mikono yote miwili kwa pamoja, jambo linalopumzisha shingo lakini linalodai usawa mkubwa, kwa kuwa ubao ni mwembamba na wimbi la ubavuni huweza kumwangusha. Mwenye uzoefu hubadilisha kabla ya kuchoka. Ngozi nayo huchubuka kifuani, magotini na kwapani, na mafuta ya mgando yanayopakwa kabla ya kuingia majini si anasa.

Kwa kawaida mwanariadha hujipa miezi minne hadi sita. Katika wiki huwa na siku moja ya masafa marefu ambayo huongezwa hatua kwa hatua, siku moja ya kasi ambapo hupiga maji kwa nguvu kwa dakika chache na kupumzika kisha kurudia, na siku mbili au tatu za mwendo mwepesi. Akiwa nchi kavu huimarisha misuli midogo inayokishikilia kifundo cha bega pamoja na ya mgongo wa juu, kwa sababu bega linalovutwa mara maelfu katika mwelekeo mmoja huumia upesi likikosa misuli ya kulirudisha nyuma. Wapo wanaotumia muda mwingi kunyanyua vyuma. Kwa maoni yangu saa hizo zingefaa zaidi majini, maana nguvu isiyozoea maji huisha mapema.

Chakula nacho hufanyiwa mazoezi. Mwili hauwezi kuhifadhi wanga wa kutosha kwa kazi ya saa nyingi namna hii, hivyo mshindani hula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, au zaidi ikiwa tumbo lake limezoea, mara nyingi katika kinywaji au ute mtamu ulio rahisi kumezwa huku kifua kimebanwa na ubao. Maji matupu yakinywewa kwa wingi hupunguza chumvi katika damu kiasi cha kuhatarisha maisha, ndiyo sababu kinywaji hutiwa chumvi. Yote haya hujaribiwa katika safari ndefu za mazoezi, pamoja na watu wa mashua ya kusindikiza, kwani kumpa mtu chupa bila kumgonga na mashua ni kazi yenye ufundi wake.

Sehemu ya bahari ndiyo inayotenganisha mwenye nguvu na mwenye kujua. Upepo unapovuma kutoka nyuma, kama zinavyovuma katika Kaʻiwi pepo za biashara, zile zivumazo kwa uthabiti kutoka mashariki, mawimbi humpita mshindani moja baada ya jingine, na kila moja linaweza kumbeba akilikamata kwa wakati wake. Anapohisi tezi ya ubao, yaani sehemu yake ya nyuma, ikiinuka hupiga maji kwa haraka mara nne hadi sita, ubao huteremka, naye huiacha mikono ipumzike huku akitazama bonde lililo mbele. Kosa la kawaida ni kuendelea kupiga kwa nguvu hadi omo, yaani sehemu ya mbele ya ubao, ipande mgongo wa wimbi la mbele, ambapo jasho lote hupotea kwa kupanda mlima. Mtu aliyewahi kurudi pwani kwa ngalawa akiwa na upepo wa tezini anaijua hesabu hii, isipokuwa hapa hakuna tanga la kusamehe kosa. Mwaustralia Jamie Mitchell, aliyeshinda Molokai 2 Oahu mara kumi mfululizo kuanzia 2002 hadi 2011, ni mfano wa kile ambacho usomaji wa mawimbi unaweza kuzaa.

Catalina ni bahari ya tabia nyingine. Mbio huanza alfajiri, wakati maji huwa shwari, na mshindani hana wimbi la kumbeba, bali mdundo wake mwenyewe na uvumilivu. Njiani hukatiza njia za meli kubwa ziendazo bandari za Los Angeles na Long Beach, hupita karibu na rasi ya Palos Verdes, na kuelekea mchana upepo wa magharibi huja kutoka upande wa kushoto na kuusukuma ubao nje ya mstari. Hapo aina ya ubao huonekana. Ubao wa daraja la kawaida una futi 12 na hauna usukani, hivyo huelekezwa kwa kuinamisha mwili au kuburuta mguu majini. Ubao wa daraja huru hufikia futi 17 na zaidi, huenda kwa kasi, na una usukani unaogeuzwa kwa mguu. Anayejiandaa kwa Catalina hana budi kufanya mazoezi katika upepo wa ubavuni saa za mchana, akiwa tayari amechoka, ingawa asubuhi tulivu inavutia zaidi.

Wiki mbili za mwisho masafa hupunguzwa sana, kasi ikibakizwa kidogo ili mikono isisahau mdundo, na wengi huona dhiki kwa kuwa mwili uliozoea kuchoka hudhani umeanza kulegea. Safari ndefu ya kulipiza siku zilizokosekana haina faida wakati huo, kwani uchovu wake hukutana na siku ya mbio. Kinachobaki ni kufuatilia utabiri wa upepo na mikondo, kukubaliana na nahodha wa mashua ya kusindikiza juu ya njia na ishara za mkono, na kuamua mapema ni hali gani itakayomfanya mshindani apandishwe mashuani, maana aliyezidiwa na baridi au kiu mara nyingi hawezi tena kuamua vizuri jambo hilo yeye mwenyewe.