Kuelea si Kuonekana: Dhana Potofu Kuhusu Vifaa vya Kumtambulisha Mtu Ziwani Usiku na Mchana

Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa na joto la takribani nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi mwaka mzima. Wageni hulifurahia joto hilo kwa sababu ya kuogelea, lakini kwa mvuvi aliyetupwa na wimbi nje ya mtumbwi lina maana nzito zaidi: akiwa amevaa jaketi okozi lililofungwa sawasawa, baridi haitamuua haraka kama ambavyo ingemuua katika bahari za kaskazini ya dunia, na anaweza kubaki hai kwa saa nyingi akisubiri kuokolewa. Muda anao. Anachohitaji ni kuonwa na mtu mwingine, na hapo ndipo ziwa letu linapokuwa gumu, kwa maana lina urefu wa karibu kilomita 670, upana wake ni kilomita 50 kwa wastani, na kichwa cha mtu juu ya maji hakizidi ukubwa wa dumu la lita 5 linalopanda na kuzama nyuma ya kila wimbi.

Katika mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, jitihada za kuwahimiza watu wavae majaketi zimezaa matunda kiasi fulani, na ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, vifaa vinavyoambatana na jaketi, yaani ukanda wa kuakisi mwanga, taa ndogo ya begani, filimbi, kioo cha ishara na redio ya dharura, bado vimezungukwa na imani ambazo zikiachwa bila kusahihishwa zinaweza kumgharimu mtu uhai ilhali jaketi lenyewe limefanya kazi yake.

Dhana: Jaketi la rangi ya machungwa huonekana wakati wowote.

Rangi kali ya machungwa au ya njano, ile inayoitwa ya fluoresenti, hupokea miale ya urujuanimno ambayo jicho haliioni na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana. Ndiyo maana kitambaa chake huonekana kana kwamba kinawaka, hasa alfajiri, jioni na siku za mawingu. Jua likishazama, miale hiyo huondoka nalo, na jaketi hubaki kivuli kama vivuli vingine. Wavuvi wa dagaa wa Kigoma hufanya kazi usiku wa giza na hupumzika siku za mbalamwezi, kwa hiyo kwao rangi husaidia katika saa ya kutoka na saa ya kurudi. Katikati ya usiku haiwasaidii.

Tena rangi hiyo huchakaa. Jaketi lililokaa miezi mingi juani kwenye paa la boti hupauka polepole, na mwenye kuliona kila siku hatambui. Inua mkanda wa kifuani utazame kitambaa kilichokuwa chini yake: ukikuta mstari wa machungwa mbichi katikati ya kitambaa kilichogeuka rangi ya udongo, basi umeona ni kiasi gani cha mwonekano kilichokwisha kupotea.

Dhana: Ukanda wa fedha unatoa mwanga wenyewe gizani.

Hii ndiyo dhana niliyoikuta kwa watu wengi zaidi, wakiwamo baadhi ya wauzaji. Ukanda huo hauna betri, wala hauhifadhi mwanga wa mchana. Umetengenezwa kwa punje ndogo mno za kioo, au kwa pembe ndogo zilizopangwa kama vioo vitatu vinavyokutana, na kazi yake ni kuurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Haya maneno "kule kule ulikotoka" yanastahili kupewa uzito, kwa sababu yanabadilisha kabisa namna ya kuutumia.

Nimefanya jaribio hili mara kadhaa ufukweni baada ya magharibi, na yeyote anaweza kulirudia. Jaketi lilitundikwa kwenye mti wa kuanikia nyavu, nasi tukarudi nyuma hatua kama thelathini. Kijana mmoja alishika tochi karibu kabisa na shavu lake, usawa wa macho, akamulika. Ukanda ukalipuka kwa weupe kama taa ya gari. Kisha nikaichukua tochi ile ile, nikasogea hatua tatu pembeni yake, nikalimulika jaketi lile lile huku yeye akitazama kutoka pale pale aliposimama. Akaniambia, "Mzee, limezimika." Halikuwa limezimika. Mwanga ulikuwa ukinirudia mimi niliyeshika tochi, naye aliyekuwa pembeni hakupata kitu, kwa kuwa nguvu ya ukanda hupungua sana pindi pembe kati ya taa na jicho inapozidi digrii moja au mbili.

Kwa hiyo mwenye ukanda begani anamhitaji mtafutaji anayejua kushika tochi karibu na jicho. Taa ya kichwani, ile inayovaliwa kwenye paji la uso, hufaa kuliko tochi iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa, na hufaa kuliko taa kubwa iliyofungwa mbali kwenye mlingoti.

Dhana: Usiku taa za wavuvi ni nyingi, kwa hiyo aliyeanguka ataonekana tu.

Anayelitazama ziwa kutoka vilima vya Kigoma katika usiku wa giza huona taa zimejipanga kama mji, na ni rahisi kuamini kwamba huko chini hakuna mtu anayeweza kupotea. Ukweli ni kinyume. Taa za kuvutia dagaa, ziwe karabai za zamani au taa za sola za siku hizi, huelekezwa chini kwenye maji na hutengeneza duara la mwanga kando ya mtumbwi. Jicho la anayefanya kazi ndani ya duara hilo limezoea mwanga, na jicho la namna hiyo huhitaji dakika 20 hadi 30 za giza kabla ya kupata uwezo wake kamili wa kuona usiku. Kilicho mita hamsini nje ya duara ni ukuta mweusi kwake. Aliye majini anawaona wenzake vizuri, anaziona hata nyuso zao, nao hawamwoni. Wala ukanda wake hauwarudishii mwanga, maana taa imening'inia mbali na macho yao, kama tulivyokwisha kuona.

Dhana: Kizibao cha bodaboda kinatosha majini.

Nimewaona abiria wa boti za vijijini wakivaa vizibao vya reflekta vya waendesha bodaboda wakiamini kwamba wamejikinga. Kwanza, kizibao hakielei. Pili, kanda zake hupita tumboni na kiunoni, sehemu ambazo mtu akiwa majini huwa zimezama. Kinachobaki juu ni kichwa na mabega. Tatu, na hili halifahamiki sana, ukanda wa bei nafuu ambao punje zake za kioo ziko wazi kwa nje hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake unapolowa, kwa sababu utando wa maji hubadilisha namna mwanga unavyopinda ndani ya punje. Mwagia maji kizibao chako usiku na ukimulike, utaona kimefifia. Ukanda uliotengenezwa kwa ajili ya majini hufunikwa ili maji yasizifikie punje hizo.

Barabarani kizibao hicho ni kifaa bora, nami ningependa kila anayetembea kwa miguu usiku katika barabara ya Kasulu awe nacho, kwa kuwa taa za gari na macho ya dereva viko karibu kiasi kwamba, kutoka mbali, mwanga humrudia dereva. Kosa ni kukihamishia ziwani. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini uliotolewa mwaka 1989 unataka jaketi okozi liwe na ukanda wenye jumla ya eneo la angalau sentimita 400 za mraba, sawa na kipande cha sentimita 20 kwa 20, na uwekwe mahali utakapokuwa juu ya maji kadiri inavyowezekana. Unaponunua jaketi, tazama mabegani na kwenye kola kabla ya kutazama kifuani.

Dhana: Taa ya jaketi ni ndogo mno kuwa na maana.

Ni kweli ni ndogo. Kanuni za kimataifa za vifaa vya kuokolea maisha zinataka taa ya jaketi iwe nyeupe, iwe na ukali wa angalau kandela 0.75, iwake kwa saa 8 au zaidi, na ikiwa ni ya kumetameta, imetamete mara 50 hadi 70 kwa dakika. Kwenye meza ya nyumbani, ukali huo unakaribia ule wa mshumaa mmoja. Juu ya ziwa jeusi, mwali mdogo unaometameta mahali ambapo hapakutarajiwa taa huvuta jicho kutoka mbali, na tofauti na ukanda, hauhitaji mtu mwingine amulike kwanza. Ikiwa familia ina uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu kwenye jaketi la mvuvi wa usiku, ushauri wangu ni taa.

Makosa yanayoharibu taa hizi ni ya kawaida. Zipo zinazojiwasha maji yanapogusa ncha zake mbili za umeme, na wapo wanaozijaribu kwa kuzichovya kwenye ndoo. Kama betri yake ni ya matumizi mara moja, jaribio hilo ndilo matumizi yenyewe, na jaketi hurudishwa stoo likiwa na taa iliyokufa. Soma maelezo yaliyobandikwa uone tarehe ya mwisho ya betri, na uhakikishe kwamba yanataja maji baridi, maana baadhi ya betri zimekusudiwa maji ya chumvi.

Dhana: Nikianguka nitapiga kelele.

Anayezama kwa kawaida hawezi kupiga kelele, kwa sababu pumzi yote inatumika kutafuta hewa. Aliyevaa jaketi anaweza, lakini sauti hukauka baada ya muda mfupi na kila mdomo ufunguliwao huingiza maji. Filimbi huhitaji pumzi kidogo tu na hulia sauti ile ile saa ya tatu kama ilivyolia dakika ya kwanza. Chagua ya plastiki isiyo na kijipira ndani, kwa sababu kijipira hukwama kikilowa. Ifungwe kwa kamba kwenye jaketi, karibu na mdomo. Filimbi haisikiki juu ya mngurumo wa injini, kwa hiyo iwekwe akiba na ipigwe injini inaponyamaza, mara tatu tatu, huku mpigaji akipumzika katikati ili asikilize jibu.

Dhana: Kioo ni cha kujitazamia.

Katika miezi ya kiangazi, anga la Kigoma likiwa safi, kioo kidogo cha mfukoni hurusha mwali wa jua unaoonekana kilomita nyingi, hata kwa mtu aliye mlimani. Nyoosha mkono mbele, tengeneza pengo kwa vidole viwili, weka boti unayoilenga ndani ya pengo, kisha chezesha mwali juu ya vidole hivyo.

Dhana: Siku hizi kuna simu.

Minara ya simu hulenga walio nchi kavu, na mwambao wetu wenye milima mikali una makorongo mengi ambamo mawimbi ya simu hayafiki. Aidha, kioo cha mguso hakitii kidole chenye maji hata pale ambapo simu yenyewe imefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Simu ibebwe, lakini isihesabiwe kuwa kifaa cha ishara.

Kifaa ambacho watu huchanganya na simu ni redio ya dharura inayovaliwa mwilini, inayotuma ishara kwa setilaiti kwa masafa ya megahezi 406. Mfumo unaozipokea ishara hizo, Cospas-Sarsat, ulitokana na makubaliano ya mwaka 1979 kati ya Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti, na uliokoa watu wa kwanza mwaka 1982. Redio hiyo ni lazima isajiliwe kwa jina la mwenyewe, na antena yake inyanyuliwe juu ya maji ikitazama anga. Anayeuziwa ya mtumba aangalie masafa, kwa kuwa tangu tarehe 1 Februari 2009 setilaiti hazisikilizi tena zile za zamani za megahezi 121.5. Bei yake ni kubwa kwa mvuvi mmoja, ingawa kikundi au mmiliki wa boti ya abiria anaweza kuimudu.

Dhana: Kuonekana ni kazi ya aliye majini.

Nusu ya kazi iko kwa walio ndani ya boti. Mtu akianguka, mmoja wao amnyooshee mkono bila kuondoa macho, hata kwa sekunde moja, huku mwingine akitupa papo hapo dumu tupu lililofungwa tochi inayowaka ili mahali pale pasipotee. Akishatoweka machoni, taa za dagaa zizimwe au zifunikwe, injini izimwe kila baada ya dakika chache, na wote wanyamaze wasikilize filimbi. Tochi ishikwe kwenye paji la uso na ipitishwe taratibu juu ya maji, kuanzia upande unakoelekea upepo, kwa kuwa huko ndiko jaketi linakosukumwa. Walio nchi kavu wapige namba za dharura, 112 au 114, mapema, wakitaja jina la mwalo, saa mtu alipoonekana mara ya mwisho, na rangi ya jaketi alilovaa.